Mwaka Mabondo Yalipopungua

Habari ya msiba wa Mama Getruda niliipata kwa simu, na jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, ni kumuuliza aliyenipigia kama ana uhakika. "Umemwona mwenyewe, au umeambiwa?" Kijana wa watu akadhani ni uchungu. Haukuwa uchungu, ni mazoea. Mimi muuzaji akinirudishia chenji naihesabu mbele yake, na daktari akisema presha iko sawa namwomba apime mkono wa pili. Wanafunzi niliowafundisha bailojia walinipa jina la Mpelelezi, nikajifanya sijui. Watu hudhani nilizaliwa hivi. Wapi! Nilifanywa hivi pale Kirumba, Mwanza, ndani ya nyumba ya huyo marehemu, katika mwaka mmoja wa ujana wangu nilipokuwa nasoma ualimu Butimba.

Nilikwenda. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wanaongea habari za injini za boti, nikawapita nikaingia uani kwa wanawake. Pale palipokuwa na stoo ya mabati sasa pana bafu. Lakini chanja ipo vile vile, miti minne na wavu mkuukuu umekazwa juu yake, chini ya kivuli cha paa, na mabondo yameanikwa, maana kazi ya marehemu ameirithi binti yake Getruda na msiba hauwezi kuozesha mali. Kando ya chanja alikaa mwanamke mnene mwenye miwani, anachambua mchele kwenye ungo. Nilimtambua kwa mikono kabla hajainua uso. Suzana! Sikuwa nimemtia machoni tangu asubuhi ile alipobeba begi lake kwenda kupanda meli ya Ukerewe. Nilifurahi mno, na hapo hapo nikajiuliza huyu naye amefuata nini.

Kwa asiyejua, bondo ni ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa sangara. Zamani tulikuwa tunawatupia korongo. Kisha wakaja wanunuzi, wakasema linapelekwa Uchina kuliwa supu, na ghafla kila mtu pale soko la samaki la Mwaloni akaanza kuheshimu matumbo ya samaki. Mnunuzi huyapanga kwa ukubwa: bondo pana, lililonyooka, ukiliinua juani mwanga unapita, hilo ndilo lenyewe; dogo lililojikunja analitupa kwenye rundo la pembeni bila hata kukutazama. Mama Getruda aliyanunua mabichi kutoka kwa wanawake wanaopasua samaki, akayaosha, akayaanika, akayauza. Alikuwa mjane wa kutoka Majita, mrefu, mcha Mungu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kugawa chakula. Binti yake alikuwa shule ya bweni. Suzana alikuwa msaidizi wake wa kazi. Mimi nilikaa bure, na kwa malipo ya kitanda nilisaidia asubuhi kabla ya chuo na jioni nikirudi. Chuoni hapakuwa na nafasi ya bweni, na mjini sikuwa na mtu mwingine. Bila kitanda kile, hakuna ualimu.

Na kitanda chenyewe kilikuwa cha futi nne, tukalala wawili, mimi na Suzana, chandarua kimoja. Alinizidi miaka michache, akajipa cheo cha dada. Jioni alinipigia pasi sketi ya chuo, pasi ya mkaa, anarudia rinda moja moja huku amebana midomo. "Mwalimu hawezi kutembea na marinda yaliyolala," alisema. "Watoto watakucheka mgongo ukiwageuzia." Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anasema pole. Tulikula sinia moja sisi watatu, ugali wa muhogo na kichwa cha sangara, na Mama Getruda alikuwa na tabia ya kunyofoa nyama ya shavu la samaki na kuisukuma upande wako. Nimekula mezani pa watu wengi tangu hapo. Sijawahi kujisikia nyumbani kama kwenye sinia lile.

Kilichoanza ni bondo moja kupotea kwenye chanja. Mimi nasema hadi leo ni korongo. Walikuwa wanashinda juu ya ukuta, wanatutazama. Mama Getruda hakukubali. "Korongo hachagui," alisema, "na limechaguliwa lile kubwa." Wiki ile ile akamwita fundi, akajengewa stoo pale uani, bati chini, bati kuta, bati juu, na kidirisha kimoja chenye wavu. Mabondo mabichi yakahamia ndani, yakatandazwa juu ya bati. Kufuli likafungwa, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba wake. Alasiri, jua likiwa bado kali, alitukabidhi ufunguo tuingie kuyageuza, siku hii Suzana, siku hii mimi nikitoka chuo. Mle ndani palikuwa na joto la kukata pumzi. Unatoka nguo zimekulowa mwilini.

Yalipokauka, yakawa madogo. Idadi ilikuwa ile ile, hakuna lililopungua hata moja, lakini mabondo yaliyoingia mapana kama sahani yalitoka yamejikunyata, mazito kwa kuguswa, ya manjano, mengine yamenata kwenye bati. Mnunuzi akayasukuma kwenye lile rundo la pembeni. Mama Getruda alirudi kutoka Mwaloni akaketi kwenye kigoda bila kuvua viatu.

"Kuna mtu anayabadilisha," alisema. "Anachukua makubwa yangu, anaweka madogo yake."

"Nani huyo, mama?" Suzana akauliza.

"Ningemjua ningemtaja?"

Akaziba kidirisha kwa bati, kwa sababu mkono ungeweza kupita. Mabondo yakazidi kupungua ukubwa. Akatukagua kanga tukitoka stoo. Yakapungua. Siku moja nikakuta sinia limeondolewa, tumewekewa sahani tatu, kila mtu na yake, na yeye amekaa mahali anapoiona mikono yetu sote wawili. Nyama ya shavu la samaki alikula mwenyewe.

Kibaya kuliko vyote kilikuwa sala yake. Aliomba alfajiri, kwa sauti, kama walivyozoea kwao, na kwa ile hali ya kuta tulisikia kila neno. Zamani alituombea. Sasa alitushtaki. "Bwana, wewe unaona gizani. Nionyeshe. Ni Minza, au ni Suzana?" Akaacha nafasi ya kujibiwa. "Ni Suzana, au ni Minza?" Na sisi tumelala chandarua kimoja, migongo imegusana, kila mmoja anajifanya amelala, kila mmoja anajua mwenzake yuko macho. Nilijua sijachukua. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi mno, na sikutaka kuifanya, nikaifanya. Siku moja Suzana alifunga kanga mpya, nikamuuliza ameitoa wapi. "Nimepewa," akasema, akageuka. Siku nyingine mimi nikarudi na viatu vya mtumba nilivyonunua Mabatini kwa nauli niliyokuwa naibana kwa kutembea kwa miguu. Akavishika, akavigeuza soli juu. "Vizuri," alisema. "Viatu vizuri sana hivi." Hakuuliza vimetoka wapi. Ningependa angeuliza.

Mvua za masika ziliponyesha, mabondo yakagoma kukauka, Mama Getruda akaingiza jiko la mkaa ndani ya stoo na kufunga mlango. Mzigo ule wote ulitoka umeharibika, vipande vya kujikunja vinavyonata kama gundi. Aliviweka mezani mbele yetu Ijumaa alasiri. Hakupiga kelele. Alisema, "Sabato haitaingia nyumba hii ikiwa na mwizi aliyejificha. Jua likizama bila mtu kusema, mtafungasha wote wawili." Nikaona chuo chote kinaondoka, mitihani, posho, maisha ya ualimu, kwa ajili ya utumbo wa samaki. Nikafungua mdomo niape. Suzana akatangulia.

"Ni mimi, mama," alisema. "Minza hajui lolote."

Nilimwamini! Nataka hilo lieleweke. Sikusema "hapana, haiwezekani," sikumtetea, nilishusha pumzi. Nilimchukia pia, kwa kunilaza pale miezi yote nikitajwa kwa Mungu kwa kosa lake. Asubuhi iliyofuata, nyumba nzima ikiwa kimya, nikaamka nikakuta sketi yangu imepigwa pasi, imetundikwa kwenye msumari, marinda yamesimama wima. Yeye alikuwa mlangoni na begi. "Soma," alisema. Nikageukia ukutani.

Wiki chache baadaye tukaanza somo la protini. Mkufunzi wetu tulimwita Kamba, na sababu ni somo lile lile, alilolifundisha kila mwaka kwa kipande cha kamba ya katani kutoka mfukoni mwake. Alianza na shanga alizotunga kwenye uzi wa kuvulia. Kila shanga ni amino asidi, alisema. Zinavyofuatana ndiyo ngazi ya kwanza, na shanga moja ikikaa pasipo pake inaweza kuharibu kila kitu kinachofuata. Kisha uzi akauzungusha kwenye kalamu ukawa springi. "Au unalala hivi," akasema, akikunja karatasi mbele nyuma, mbele nyuma, "kama marinda. Springi na marinda, hiyo ni ngazi ya pili." Nikatazama yangu. Yalikuwa yamevurugika, maana nilikuwa napiga pasi mwenyewe. Halafu akaukusanya uzi wote kiganjani ukawa donge, springi imelala ubavuni mwa marinda, na akasema donge hilo lina umbo lake maalumu, si la kubahatisha, na umbo ndilo linalofanya kazi. Ngazi ya tatu. Madonge yakishikana na wenzake, mfano yale manne yanayobeba hewa ndani ya damu, ndiyo ngazi ya nne. "Na hakuna anayeikunja protini," alisema. "Inajikunja yenyewe. Shanga hizi zinavutana, zile zinakimbia maji zinajificha ndani, mpaka kila moja imepata mahali pake." Mimi kwa hali niliyokuwa nayo mwaka ule nilinyoosha mkono nikauliza tunajuaje kwamba hakuna anayeikunja. Darasa likacheka. Kamba hakucheka. Alisema ni swali zuri, na kwamba waliokwisha kuzikunjua kwa uangalifu na kuziacha walikuta baadhi zimejikunja tena vile vile, bila msaada wa mtu.

Ndipo akatoa katani. Akaifumua ncha tukaona nyuzi tatu. "Zipo protini zinazosokotana hivi, tatu tatu, kisha kamba na kamba zinalala pamoja mpaka unapata kitu kigumu kisichokatika. Ndiyo ngozi yako. Ndiyo kano za ng'ombe. Mwanza hapa, ndiyo bondo la sangara." Niliacha kuandika. "Sasa lipashe joto likiwa bado bichi. Si lazima lichemke. Kamba inafumuka, nyuzi zinajivuruga, na kilichokuwa kimenyooka kinajikunyata mbele ya macho yako. Endelea kupasha, unapata gundi. Hakuna kilichoondolewa, mnanielewa? Shanga zote zipo. Kilichopotea ni umbo." Nilihisi jasho la stoo ile mgongoni. Bati chini, bati juu, kidirisha kimezibwa, jiko la mkaa. Kila kitu Mama Getruda alichoogopa kuibiwa alikifungia mahali pa moto zaidi.

Nilitembea haraka siku ile mpaka Kirumba. Nilimkuta Mama Getruda anaosha mzigo mpya, nikamwomba bondo moja dogo na chupa ya maji ya moto. Nikaliweka kwenye bakuli, nikalimwagia maji hayo. Likajivuta, likajikunja, likawa nusu ya lilivyokuwa, hapo hapo, mikono yangu ikiwa hewani.

"Umeona, mama? Ni joto. Ni ile stoo. Hakuna mwizi."

Alilitazama bakuli, kisha akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yale yale ya kwenye sahani tatu. "Nani kakufundisha hii?"

"Mkufunzi. Leo darasani."

"Leo." Akalitoa bondo majini kwa vidole viwili. "Haya. Kama hakuna mwizi, Suzana alikiri nini?"

Ningejibu nini? Mtu hakiri kitu ambacho hakikutokea. Mama Getruda alifikiri siku mbili tatu, kisha akafungua stoo, akayarudisha mabondo kwenye chanja, kivulini, penye upepo wa ziwa. Yakakauka mapana, meupe, yamenyooka. Nilisubiri aseme. Alichosema, akiwa ameliinua moja juani, ni hiki: "Unaona? Tangu Suzana aondoke, hayapungui tena." Sinia likarudi mezani, la watu wawili. Akanisukumia nyama ya shavu. Nikaila.

Nilimaliza chuo, nikaajiriwa, nikafundisha springi na marinda kwa miaka yote hii, na kila nilipofika kwenye kamba swali lile lilinirudia. Alikiri nini? Labda kuna kingine alichoiba ambacho sikukijua. Labda kulikuwa na joto na mwizi vyote viwili. Ile kanga mpya, je? Nilimshuku kwa sababu alikuwa hana hatia, mnaona nilikofikia.

Sasa nilikuwa nimeketi naye mkeka mmoja, ungo katikati yetu. "Bado u mwembamba hivyo hivyo?" alisema. "Walimu hamli?" Tulicheka, tukamlilia marehemu kidogo, tukaulizana watoto. Getruda akatuletea chupa ya maji ya moto na vikombe, akaweka beseni la mabondo mabichi kivulini karibu na miguu yangu, akaenda kupokea wageni. Nikaona ni sasa.

"Dada, nikuulize kitu cha zamani. Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Wewe ndiye unayeniuliza?" Akavua miwani, akaifuta kwa kanga. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Ningefanyaje, Minza? Mama alikuwa anatufukuza wote. Mimi ningerudi kulima, kazi niliyoizoea. Wewe ungerudi kufanya nini?" Akashusha sauti, akatazama kama kuna anayesikia. "Nilijua ni wewe. Nilijua tangu vile viatu. Nikasema huyu mtoto ana shida zake, amekosea, lakini mtu haachi shule kwa sababu ya mabondo. Bora niende mimi."

Nikashika chupa ya maji ya moto.

"Habari ilinitangulia kisiwani, usifikiri," aliendelea. "Kulikuwa na posa imeletwa nyumbani, ikarudi. Nilikaa sana kabla ya kupata mwingine. Lakini sikujuta. Daktari tuliye naye pale kwetu, yule kijana, nilimuuliza amesoma wapi, akakutaja wewe kwa jina. Amemtoa mjukuu wangu kwenye malaria mbaya. Nikawaambia wanangu, huyu daktari mnayemwona, na mimi nimo humo."

Chupa ya maji ya moto ilikuwa mkononi mwangu. Beseni lilikuwa miguuni. Nilihitaji bakuli tu, na bakuli lilikuwa pale. Nilikuwa nimesubiri maisha yangu yote kumwonyesha mtu mmoja anayejali kwamba sikuchukua kitu, na nililitaka hilo kwa uchu. Angeona likijikunyata. Angeelewa mara moja, hakuwa mjinga hata siku moja. Angeelewa pia kwamba posa ilirudi bure, na miaka ile ya kuitwa mwizi, bure, kwa ajili ya jiko la mkaa na mabati. Nikafungua chupa. Nikamimina maji kwenye kikombe chake, nikaweka majani na sukari, nikakoroga.

"Asante, dada," nikasema. "Sikuwahi kukushukuru."

Alipokea kikombe kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, nami yakanitoka. Kisha akanisogelea, na ule utundu wake wa zamani ukamrudi usoni.

"Lakini niambie, nimetaka kujua miaka yote. Uliyauza kwa nani?"

Nikatazama chanja. "Kwa jamaa mmoja pale Mwaloni. Hayupo tena."

"Alikupa bei nzuri, walau?"

"Hapana, dada. Alinipunja."

"Nilijua tu," alisema Suzana kwa uchungu wa kweli, akanisogezea ungo.